Pampu Iliyochukuliwa Msibani

Mama mkwe wangu, Bibi Somoe, alifariki wakati mahindi yametoa ndevu. Sisemi hivyo kwa kukosa huruma. Nilimpenda yule mama, naye alinipenda kwa namna yake ya kugombeza, na nilikuwa miongoni mwa waliomuosha. Lakini yeyote anayelima mahindi ya kiangazi ataelewa kwa nini hata nilipokuwa namlilia, jicho langu moja lilikuwa bondeni.

Mahindi yana umri wake wa kusamehe. Yakiwa madogo unaweza kuyasahau siku kadhaa, yakanyong'onyea, ukayapa maji, yakainuka kama hukuyakosea kitu. Yakishatoa mbelewele juu na ndevu kwenye hindi changa, msamaha umekwisha. Unga ule wa juu lazima uangukie ndevu mbichi, na ndevu haziwi mbichi kama mizizi haina maji. Zikikauka kabla ya wakati utabaki na bua refu la kupendeza na hindi lenye mapengo. Hapo huna wa kumlaumu wala wa kumwomba.

Na mwaka huu hatukuwa na nafasi ya mapengo. Mvua ilikatika mahindi ya masika yakiwa magotini. Ufuta ukaungua nayo. Korosho zilikuwa bado maua, na maua hayaliwi. Hapa Marambo kila nyumba ilikuwa inaingia porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya mwituni inayoliwa, na kwa kuwa kila nyumba ilikuwa inachimba, ilibidi uifuate mbali, urudi jioni na kikapu chepesi, uichemshe, uwagawie watoto na kuwadanganya kwamba wewe umekula ulikotoka. Nusu eka yetu ya bondeni haikuwa biashara. Ilikuwa chakula cha wanangu mpaka mavuno mengine, na nyuma yake hakukuwa na kitu.

Maji tuliyapata kwenye kisima tulichokichimba wenyewe pembeni mwa shamba. Kisima kile ni kifupi na kina tabia moja: kinajaa mpaka usawa wake, basi. Ukikikausha leo, kesho kimejaa tena. Usipokichota hakikuongezei hata kata moja. Maji ya leo usipoyatumia leo, hayakungojei.

Kwa hiyo tulikuwa tunanyeshea kwa adabu. Bwana shamba wetu, Gwakisa, Mnyakyusa aliyeletwa huku na kazi, alitufundisha kupeleka maji mfereji mmoja na kuruka mmoja, zamu inayofuata unageuza. Bibi Somoe alimbishia msimu mzima, akisema hajaona mtu anayenywesha watoto kwa kuruka mmoja, kisha akajaribu, akanyamaza, na mtu wa kwanza kumgombeza jirani aliyefurika shamba lake akawa yeye. Matuta tuliyafunika nyasi. Miisho ya mifereji tuliiziba kwa udongo ili maji yasitoroke. Na maji yenyewe tuliyavuta asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, kwa pampu ya kukanyaga ambayo Bibi Somoe aliinunua mwaka ule ufuta ulipokuwa na bei. Unapanda juu, unakanyaga mguu huu na huu kama unayepanda ngazi isiyoisha, na maji yanakuja. Kwa mtindo huo kisima kilitosha. Kilitosha kwa shida, bila siku ya kupumzika.

Ndipo Bibi Somoe akalala na hakuamka.

Msiba ni watu, na watu ni maji. Bomba la kijiji lilikuwa halitoi, hivyo maji ya kumuoshea marehemu yalitoka kwenye kisima chetu, ya wageni kutawadha yakatoka humo humo, ya kupikia, ya kunywa, ya kuoshea masufuria. Niliwaona wanawake wakipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, ndoo baada ya ndoo, na kila ndoo nilijua ni mfereji gani ingeulowesha. Nikawakaribisha, nikawashukuru. Ungefanyaje? Ungesimama kisimani ukawaambia waombolezaji kwamba haya ni ya mahindi?

Na sisi wafiwa hatushiki jembe mpaka tanga lianuliwe siku ya tatu. Ndivyo ilivyo. Mume wangu Yunusi alikaa barazani kwenye mkeka na wanaume wenzake, mimi ndani na wanawake. Nikajipa moyo kwamba siku tatu mahindi yangejikaza, hasa chini ya nyasi. Nilijipa moyo hivyo mpaka watani walipofika.

Asiye wa huku huenda asielewe. Ukoo wa Yunusi na ukoo wa Masoudi wa Nambilanje, kule Ruangwa, ni watani tangu enzi za mababu zao. Kukiwa na msiba kwetu wao huja kutuchekesha kwa nguvu. Huchimba kaburi, hupika, hufagia, na katikati ya kazi hiyo hufanya vituko ambavyo mtu mwingine angevifanya angepigwa. Hukamata kuku, hubeba sufuria, huondoka na kiti cha mzee, na wewe mfiwa unacheka. Baadaye unakifuata kitu chako ukiwa na jogoo mkononi na maneno ya kejeli mdomoni, unakikomboa, mnakula, mnarudi mlivyokuwa. Mtani hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani wake msibani amemdharau maiti.

Masoudi ni mwanamume mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita watu mkutanoni. Tangu niolewe hajawahi kuniita jina langu, Ashura, wala jina la mwanangu. Kwake mimi ni "mke wangu", na Yunusi ni mlinzi tu aliyemwekea. Siku ya mazishi alijifunga kanga ya marehemu, akashika fimbo yake, akapita uani akiinama vile vile alivyoinama Bibi Somoe, akaonja mchuzi wangu na kutema pembeni, akauliza ni nani aliyenifundisha kupika hivi, kwa sababu hakika si yeye. Wanawake walicheka mpaka wakalia upya. Mimi pia nilicheka. Alikuwa amemwiga sawasawa.

Wanaume waliporudi kutoka kaburini, nilishuka kuchota maji nikamkuta bondeni anaifungua pampu. Nilidhani anaisogeza. Akaibeba begani mpaka uani, mpira wa kuvutia maji umemzunguka shingoni, akatangaza kwamba marehemu amemuusia, na kwamba anayeitaka amfuate Nambilanje. Kisha akaifunga nyuma ya pikipiki.

Barazani walilipuka kwa kicheko. Yunusi alikuwa hajatabasamu tangu alfajiri ile, lakini aliinua uso, akafuta macho, akawaambia waliokaa naye, "Mama kachukuliwa pampu. Wengine huchukuliwa kuku." Nikaona jinsi alivyofarijika. Kwao kadiri kitu kilichochukuliwa kilivyo kikubwa, ndivyo marehemu alivyokuwa mtu. Nikamwita pembeni, nikamwambia mahindi yana ndevu. Akaniambia taratibu kwamba anajua, na kwamba mtani hakasirikiwi, na kwamba tutaikomboa tanga likianuliwa. Hakuwa mjinga. Alikuwa ni mtoto wa watu wake, amefiwa na mama, na amepewa heshima mbele ya kijiji. Mtu wa namna hiyo humwambii habari za mifereji akakusikia.

Kitu kimoja kilinikaa vibaya. Masoudi aliondoka kabla ya chakula. Mtani anayeondoka msibani bila kula nilikuwa sijamwona, na mwaka huu wa njaa ndio kabisa.

Tanga lile lilinipita nikiwa mtu wa uongo. Kila baada ya muda nilibeba ndoo, nikisema naenda kuleta maji ya wageni, na ndoo ya kwanza kweli niliileta, lakini ya pili niliimimina kwenye mahindi. Ndoo moja kwenye nusu eka ni mate. Nilimwaga kwenye mashina ya mstari wa karibu, maji yakazama, juu pakawa pakavu kabla sijageuka. Nilijua kwamba kulowesha vumbi ni kuuchezea mmea tu, Gwakisa alikwisha kutuambia, na bado niliendelea, maana mfa maji haachi kutapatapa. Nilimpigia Masoudi simu. Akacheka, akasema, "Njoo ukomboe, mke wangu," halafu simu ikawa haipatikani. Shangazi mmoja wa Yunusi alinikuta nikipanda kutoka bondeni na ndoo tupu na miguu yenye tope. Alinitazama miguu, akanipisha njia, na hilo lilinichoma kuliko kusemwa.

Asubuhi iliyofuata baada ya kuanua tanga, nilipita shambani kabla ya kuondoka. Jua lilikuwa bado halijachomoza vizuri. Majani ya mahindi hujikunja mchana, hilo halitishi; mmea unajikinga na jua, na usiku unajikunjua. Asubuhi ile yalikuwa bado yamejikunja. Yamesimama wima na kukaza, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho wa shamba. Nilishika ndevu za hindi moja, zikakatika mkononi kama nywele zilizoungua.

Nilijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kukubali ni kingine. Nikajiambia kwamba pampu ikirudi leo mchana, kisima kwa kuwa wageni wameondoka kitakuwa kimejaa, na mistari ya chini karibu na kisima huenda ikaokoka. Nikamchukua jogoo wetu wa mwisho, nikamfunga miguu, nikapanda pikipiki ya Hemedy, mtoto wa dada yangu, tukaenda Ruangwa. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kejeli, maana huwezi kumwendea mtani na uso wa msiba. Nilipanga kumwambia kwamba nimekuja kumtaliki. Nilipanga kumuuliza kama pampu imemzalia watoto. Kila neno nililolitunga lilikuwa linachekesha, na mimi nilizidi kumbana jogoo kifuani.

Nyumbani kwa Masoudi hakukuwa na mtu. Jirani alituelekeza mtoni. Tukaacha pikipiki juu, nikashuka na jogoo wangu kwapani, nikapita kwenye migomba iliyokauka, na pale nikasikia sauti ninayoijua hata usingizini, ile sauti ya pampu ikikanyagwa.

Juu ya pampu yetu alikuwa Zaina, mke wa Masoudi. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni, amefumba macho, anakanyaga. Mpira wa kuvutia ulikuwa umeshuka kwenye shimo walilolichimba katikati ya mchanga wa mto, shimo la kina kiasi kwamba chini palikuwa giza. Mpira wa kutolea ulikuwa unamwaga maji kwenye shamba la mahindi lililo ukingoni, shamba lenye ukubwa kama wetu, na mahindi yake yalikuwa yametoa ndevu.

Nilisimama. Kejeli zote nilizotunga zilinitoka. Nikaelewa kwa nini hakula chakula cha msiba, na kwa nini simu haikupatikana, na kwamba kile ambacho kijiji kizima kilikichekea kilikuwa kitu kingine kabisa. Ghadhabu ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

Lakini nikisema kweli, sikumwendea Masoudi kwanza. Nilikuwa nimeona maji. Alikuwa ameyafungulia mifereji yote kwa pamoja, hakuziba mwisho hata mmoja, na maji, maji safi, maji yaliyovutwa kwa miguu ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, yalikuwa yanapita mashina mbio mbio na kutokea upande wa pili kwenye matete. Matete yalikuwa yamestawi. Yalikuwa ya kijani kuliko kitu chochote nilichokiona tangu masika. Nikamtupa jogoo chini, nikachukua jembe lililokuwa pale, nikaanza kuziba. Niliziba mwisho wa mfereji wa kwanza, nikaruka wa pili nikauziba kwa juu usipokee kitu, nikaenda wa tatu. Nilikuwa nalia na kutukana. Nilimtukana mto, nikatukana matete, nikamtukana Masoudi na baba yake.

Masoudi alikuwa upande wa chini akipanga mpira. Aliinuka, akaniona, na mazoea yakamtangulia. "Mke wangu," akaanza, "umenifuata..."

"Huu si utani, Masoudi," nikasema. "Huu ni wizi."

Neno hilo halisemwi kati ya watani. Sijawahi kulisikia likisemwa. Anaweza kubeba mlango wa nyumba yako, na wewe utasema amekutania. Zaina alifumbua macho lakini miguu haikusimama. Hemedy, aliyekuwa ananifuata nyuma, akageuka akarudi kwenye pikipiki yake.

Masoudi alikaa chini kwenye tuta. Alijaribu tabasamu, likamshinda. Alitazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyokonda. Kanga ya marehemu na vituko vyake vilikuwa vimenificha hilo siku ile. Akaniambia bila kuniangalia kwamba walikuwa wanachota kwa ndoo, wanashuka ndani ya shimo kwa ngazi ya miti. Juma lililotangulia msiba ukingo uliporomoka Zaina akiwa chini. Walimchimbua akiwa amefukiwa mpaka kifuani. Tangu siku hiyo hakumruhusu mtu kushuka, na mahindi yakawa yanasubiri, na maji yapo, mtu unayaona yanang'aa huko chini.

Nikamwambia angeweza kuomba kama watu wanavyoomba.

"Ningekuja kuomba, Mama Shaibu," akasema, "ungenipa?"

Shaibu ni mwanangu wa kwanza. Sikujua kwamba Masoudi analijua jina lake. Nilitaka kumjibu kwamba ningempa, sisi ni ndugu, watani ni ndugu. Lakini nilimfikiria yule mimi wa juma lile, nikihesabu ndoo vichwani mwa waombolezaji.

"Nisingekupa," nikasema.

"Basi."

Nikaenda kwenye pampu kufungua mpira. Zaina hakushuka. Hakunizuia, hakuniomba, hakuniangalia hata. Aliendelea kukanyaga taratibu, mguu huu na huu, kama mtu anayetaka kupata maji ya mwisho kabla hajanyang'anywa kikombe. Mtoto mgongoni alikuwa amelala na mdomo wazi.

Ili kufungua mpira ilinibidi nipite katikati ya mahindi yao. Na mimi ni mkulima. Mkono wangu ukipita kwenye mahindi hauwezi kutulia. Nikashika ndevu. Zilikuwa laini, rangi ya siagi, zinanata vidoleni. Nikashika nyingine, na nyingine. Nikatazama juu, mbelewele zilikuwa zinaachia unga, ulinidondokea kwenye mkono. Majani yalikuwa yamejikunja kidogo kwa ajili ya jua la saa sita. Nikamuuliza Masoudi asubuhi yalikuwaje. Akasema tangu siku ile aliyoleta pampu yanaamka yamekunjuka yote.

Nikabaki pale na ndevu mkononi. Sisi Marambo tulikuwa na kisima cha kipimo na mahindi ambayo asubuhi ile hayakujikunjua. Hawa walikuwa na maji ya mto na mahindi yanayoanza kubeba leo, leo hii, na yatahitaji maji mpaka punje zijae. Pampu ni moja. Nikiifunga kwenye pikipiki itafika kwetu alasiri kunyeshea maiti, na nyuma yangu haya nayo yatakufa. Mashamba mawili, nyumba mbili, njaa mbili. Kichwa changu kilijua jibu kabla moyo haujafika, na moyo ulipofika ulikataa katakata. Nilikaa chini kwenye udongo uliolowana nikalia kilio ambacho sikumlilia hata Bibi Somoe. Nililia kwa ajili ya shamba lake. Kila nyasi iliyofunika yale matuta tuliikata sisi wawili.

Masoudi hakunisogelea. Nilipomaliza nikajifuta uso na kanga, nikamwambia pampu itabaki. Nikamwambia na mimi nitabaki, nitakanyaga kwa zamu na Zaina mpaka mahindi yakomae, na tutagawana nusu kwa nusu, gunia kwa gunia. Na kuanzia saa hiyo hakuna tone litakaloenda kwenye matete. Mfereji mmoja ndio, mmoja hapana, miisho imezibwa, na mchana wa jua kali hakuna kunyeshea; yeye na watoto wake wakubwa wakate majani makavu ya migomba wafunike matuta yote kabla ya jioni. Nilisema yote hayo kwa sauti ya kugombeza, maana sauti nyingine sikuwa nayo.

"Nusu," akasema Masoudi. Akainuka, akamwokota jogoo wangu pale alipokuwa amelala na miguu iliyofungwa, akanirudishia. "Huyu mrudishe nyumbani. Leo hatutaniani."

Kuliko yote yaliyotokea siku ile, hilo ndilo lililonitia hofu. Mtani aliyekataa fidia yake. Nikamkabidhi Hemedy jogoo, nikamwomba arudi Marambo awaambie watoto mama yao yupo hai, baba yao nitamwambia mwenyewe. Kisha nikamshusha Zaina kwenye pampu. Miguu ilikuwa inamcheza, ilibidi nimshike mpaka akakaa. Nikapanda mimi kumalizia ule mfereji uliokuwa umefikia nusu.

Simu yangu ililia kabla sijaumaliza. Yunusi. Sauti yake ilikuwa na uhai ambao sikuusikia tangu mama yake afariki. Alikuwa shambani, akaniambia, ameshuka na panga akate nyasi za kuongeza kwenye matuta. Kisima kimejaa. Kimejaa mpaka usawa wake, wageni wameondoka, hakuna aliyechota. Akaniuliza kama nimeipata pampu.

"Nimeipata."

"Basi fanyeni haraka. Tukianza alasiri, mistari ya chini yote tutaipata."

Niliendelea kukanyaga. Niliogopa nikisimama nitasema uongo.

"Yunusi, asubuhi ulipofika, majani yalikuwa yamekunjuka?"

Nilisikia upepo ukipita kwenye mahindi yetu, ule mlio mkavu wa karatasi. Nikajua amenyoosha mkono kushika jani.

"Hayakukunjuka," akasema.

"Na ndevu?"

Hakujibu hilo. Nikamwambia basi. Nikamwambia pampu hairudi, nimeiacha ifanye kazi kwa Masoudi, mahindi yake yanabeba na nusu yake ni yetu, nimekubaliana naye bila kukuuliza wewe na utanigombeza nikirudi. Nikamwambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikamwambia wafugaji wamepiga kambi ng'ambo ya bonde, ng'ombe wao hawana malisho, mabua yakiwa bado na ubichi watayachukua na kuwapa watoto wetu maziwa, lakini ni leo, kesho yatakuwa makuti.

"Yakate, Yunusi."

"Mama aliyapanda kwa mkono wake," akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Najua. Mimi ndiye niliyemshikia kamba ya mistari."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Alichofanya ni kuvuta pumzi, mara moja, kwa kukwama. Hakukata simu, nadhani aliiweka tu chini kwenye tuta, juu ya nyasi. Nikasikia panga likiingia kwenye bua, bua likianguka. Kimya kidogo. Kisha jingine.

Nikaibana simu begani nisikilize mpaka mwisho, nikaendelea kukanyaga, kwa sababu mfereji ulikuwa bado haujajaa.